Joto la Bondeni na Namna ya Kulisoma Kabla Hujahama

Mtumishi akihamishwa kutoka Songea kwenda Mbamba Bay, kila anayemuaga humwambia neno lilelile: kule joto. Hakuna anayemwambia ni joto kiasi gani, linabana saa ngapi, wala kwa nini liko huko na Songea halipo, ilhali miji yote miwili iko bara, mkoa mmoja, na kati yake ni kama kilomita 170 tu za lami. Anafika na mablanketi yake mazito, anapanga nyumba ya kwanza anayoonyeshwa, bati tupu bila dari na madirisha yametazama magharibi, na ikifika Oktoba usingizi unamkimbia. Mengi ya hayo angeweza kuyajua akiwa bado Songea, kwa simu yake na daftari.

Ninamwandikia yeye, pamoja na mkulima wa Songea anayetafuta shamba Lituhi au Kyela, na yeyote anayetaka kujenga kwenye bonde asilolijua.

Kwanza liondoe wazo kwamba joto ni mali ya Pwani. Ruaha Mbuyuni kuna joto. Ifakara kuna joto. Kasese, chini ya milima ya Rwenzori nchini Uganda, kuna joto, na Lodwar kule Turkana ni moto kabisa. Yote hiyo ni miji ya bara, mingine iko mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi. Umbali wa bahari peke yake hautakusaidia kukisia. Watakaokusaidia ni mashahidi watatu: kimo cha mahali, milima iliyosimama kati ya mahali hapo na upepo, na umbo la bonde lenyewe.

Kimo ndicho chenye uzito kuliko vyote, na ndicho rahisi kukijua. Simu nyingi za kisasa zina dira au ramani inayoonyesha mita juu ya usawa wa bahari. Simama mahali pa wazi, mbali na ukuta na miti, subiri dakika mbili tatu namba itulie, kisha iandike. Inaweza kukosea kwa mita kumi au ishirini, na hilo lisikusumbue. Kama hujafika bado, mwombe aliyeko huko akusomee, au tafuta ramani yenye mistari ya kimo. Halafu fanya hesabu hii: kila mita 1,000 unazoshuka, joto la wastani linaongezeka kwa nyuzi 6.5 hivi.

Songea mjini ni kama mita 1,100. Uso wa Ziwa Nyasa uko karibu mita 475. Umeshuka zaidi ya mita 600, na hizo ni nyuzi 4. Tunduru, iliyo kwenye mita 700 hivi, inaizidi Songea kwa nyuzi 2 na nusu. Ukielekea upande wa pili, Njombe iko karibu mita 1,900, kwa hiyo inashuka nyuzi 5 chini ya Songea, na kila aliyewahi kuteremka stendi ya Njombe alfajiri ya Julai anajua hesabu hiyo haimdanganyi.

Sababu yake iko kwenye hewa yenyewe. Jua haliichemshi hewa moja kwa moja; linachemsha ardhi, na ardhi ndiyo inayoipasha hewa iliyoigusa. Hewa hiyo ikipanda inakuta mgandamizo mdogo, inatanuka, na kutanuka kunaipoza. Ikishuka inabanwa, na kubanwa kunaipasha. Shika pampu ya baiskeli baada ya kujaza upepo tairi mbili, utasikia kwa kiganja jinsi hewa iliyobanwa inavyopata moto.

Nyuzi 4 zinasikika kama kitu kidogo. Si kidogo hata kidogo, na hapa ningependa msomaji atulie. Kimelea cha malaria kinachoua watu wengi kwetu, Plasmodium falciparum, kinahitaji muda wa kukomaa ndani ya mbu kabla mbu huyo hajaweza kumwambukiza mtu. Kwenye nyuzi 20 kinahitaji karibu wiki 4. Kwenye nyuzi 24 kinahitaji wiki 2 hivi. Mbu wachache sana huishi wiki 4; wanaofika wiki 2 ni wengi zaidi. Kwa hiyo nyuzi zilezile 4 zinazokufanya uvue sweta ndizo zinazombadilisha mbu kuwa hatari. Anayeshuka kutoka Songea kwenda mwambao wa ziwa na watoto wadogo aanze na chandarua chenye dawa kwa kila kitanda, na nyavu za madirisha, kabla hajawaza feni.

Shahidi wa pili ni mlima na upepo. Abiria wa Songea anayekwenda Dar es Salaam anamfahamu shahidi huyu bila kujua. Makambako amejifunika hadi masikioni. Basi likimaliza kushuka mlima Kitonga na kuingia Ruaha Mbuyuni, madirisha yote yanafunguliwa, wauza vitunguu wanakimbilia basi, na pembeni mwa barabara imesimama mibuyu ambayo hakuiona tangu atoke nyumbani. Kimo kimeshuka, ni kweli. Lakini kuna jambo la pili. Mashariki ya hapo ipo milima ya Udzungwa, ambayo vilele vyake vinapita mita 2,500. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unapanda milima hiyo kwa upande wa Kilombero, unamwaga mvua yake kwenye misitu ya juu ya Mang'ula, kisha unateremka upande wa Ruaha ukiwa mkavu.

Kuna siri kwenye safari hiyo ya upepo. Hewa inayopanda huku ikitengeneza mawingu haipoi haraka, kwa sababu mvuke unapogeuka kuwa maji unatoa joto lake. Inapoteza kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Hewa kavu inayoshuka inaongezeka karibu nyuzi 10 kwa mita zilezile. Tufanye hewa inaanza kupanda kwenye mita 300 ikiwa na nyuzi 28. Kabla ya mawingu inapoa kwa kasi hiyohiyo ya nyuzi 10, hivyo ikifika mita 800, mawingu yanapoanza, ina nyuzi 23. Ikifika mita 2,000 ina 16 hivi. Sasa ishushe upande wa pili hadi mita 600 ikiwa kavu: itafika na nyuzi 30. Kwenye kimo hichohicho cha mita 600, upande wa mvua, ilikuwa na 25. Kijiji kimoja kina mawingu, kingine kina mibuyu, na mlima ni uleule. Wakazi wa mabonde ya Alps, kama mji wa Innsbruck huko Austria, wanaujua vizuri upepo wa namna hii. Wanauita Foehn, nao unaweza kuyeyusha theluji yao katikati ya majira ya baridi.

Kwa hiyo usiishie kuuliza kimo. Uliza mvua ya mahali hapo hutokea upande gani, kisha angalia mlima uko upande gani. Mlima ukiwa kati yako na mvua inakotoka, ongeza nyuzi kadhaa kwenye hesabu yako na upunguze matumaini ya maji. Kwa mkoa wetu, kuanzia Mei hadi Septemba upepo mkuu ni wa kusi, unaovuma kutoka kusini-mashariki. Unapita Songea, unapanda nyanda za Umatengo kule Mbinga, kisha unadondokea ziwani kwa mteremko mkali wa magharibi. Hewa inayoshuka mteremko ule inapata joto njiani, na ndiyo moja ya sababu za koti la Mbinga kuwa mzigo ukifika Mbamba Bay, hata katikati ya Juni.

Miti nayo inasema, na mimi huiamini kuliko maneno ya wenye nyumba za kupangisha. Mbuyu ukistawi mahali, hapo ni chini na kiangazi chake ni kikali. Mikorosho ikishika ardhi yote, kama Tunduru, ujue hapo pana joto. Kahawa aina ya arabika ikiwa ndiyo zao la watu, kama Umatengo, usiku utahitaji blanketi. Msuku uliouzoea kwenye mapori ya Songea ukianza kupotea njiani unaposhuka, tazama simu yako, utaona na kimo kimepungua.

Shahidi wa tatu ndiye mgumu, kwa sababu anabadili maneno kati ya mchana na usiku. Bonde ni kama uwanda uliopunguziwa hewa: jua linaloliangukia ni lile lile, lakini kuta za milima zimechukua nafasi ambayo ingejazwa na hewa, hivyo joto lile lile linagawanywa kwa hewa kidogo. Mchana bonde linapanda haraka kuliko uwanda wa kimo hichohicho. Milima ikizuia upepo, hewa ya moto haina pa kwenda hadi jioni.

Usiku mambo hugeuka. Ardhi ya juu ya vilima inapoa, hewa iliyoigusa inakuwa nzito, inateremka polepole na kujaa bondeni kama maji yanavyotafuta mahali pa chini. Kwenye mabonde ya juu, hasa usiku usio na mawingu wa Juni na Julai, chini kabisa ndiko kunakokuwa na baridi kuliko ubavuni mwa kilima. Wakulima wa Njombe na Mufindi wanalijua hilo kwa uchungu: jalidi huunguza majani ya bondeni, na mita chache tu juu ya mteremko shamba jingine liko salama.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, hutahitaji chombo chochote. Amka saa kumi na mbili asubuhi mwezi Julai, panda mahali palipoinuka ambapo unaliona bonde lote, na utazame moshi wa majiko na wa matanuri ya tofali. Hewa ikiwa imetulia utauona moshi unapanda wima kwa muda, kisha unasimama ghafla na kutandaa kwa ubapa, kana kwamba umegonga dari. Umegonga kweli: chini ya mstari huo kuna hewa baridi iliyolala, juu yake kuna hewa yenye joto zaidi. Weka alama kwa jicho mstari huo umekatiza wapi kwenye vilima vya pembeni. Nyumba na miparachichi iliyo juu ya mstari inalala kwenye joto la kadiri. Bustani za chini yake zinalala kwenye baridi, na moshi wote wa mji unabaki nazo. Rudi kutazama saa tatu asubuhi, jua likishapasha ardhi, uone dari hiyo inavyovunjika.

Kwa Songea na miji ya kimo chake, nyumba au bustani ya matunda iweke ubavuni mwa kilima, si chini kabisa na si kileleni. Kwa bonde la chini lenye joto fuata kanuni nyingine: tafuta mwinuko wowote wenye upepo, hata ukiwa wa mita ishirini tu, kwa sababu adui yako pale ni hewa iliyosimama.

Mwambao wa Ziwa Nyasa una tabia yake zaidi ya hizo. Maji mengi kiasi kile yanapoa polepole, hivyo usiku wa Mbamba Bay haushuki kama wa bonde kavu. Mchana ardhi ikipata moto kuliko maji, upepo unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku unageuka na kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Chumba kinachofaa pale ni chenye dirisha linalotazama ziwa na jingine linalotazamana nalo upande wa pili, ili upepo upite mchana na usiku. Chumba cha dirisha moja kikatae, hata kodi ikiwa nusu.

Mpaka hapa umekisia. Sasa pima. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania zinakupa joto la kituo cha Songea, na ni taarifa nzuri, ila kituo hakiko kwenye kiwanja chako. Nunua vipimajoto viwili vya ukutani vya bei ndogo. Viweke pamoja chumbani kwa saa moja uone kama vinasoma sawa. Vikitofautiana, andika tofauti hiyo na uitoe kila mara. Kimoja kining'inize kwenye kiwanja au shamba unalolichunguza, kingine kibaki unakoishi au kwenye mteremko wa juu yake. Vyote viwe kivulini tangu asubuhi hadi jioni, mita moja na nusu kutoka ardhini, hewa ikipita pande zote. Chini ya mwembe mkubwa panafaa. Ukutani hapafai, maana ukuta wa tofali za kuchoma hutunza joto la mchana na utakudanganya hadi saa nne za usiku. Karibu na bati ndiyo kabisa.

Soma mara mbili kwa siku: alfajiri kabla jua halijatoka, ndipo baridi inapofika mwisho, na saa tisa alasiri, ndipo joto linapofika kilele. Watu wengi husoma saa sita mchana wakidhani jua la utosi ndilo kilele; ardhi huendelea kujipasha saa mbili tatu baadaye. Fanya hivyo wiki nzima mwezi Julai, na wiki nzima mwishoni mwa Oktoba. Usiache Oktoba. Kwa latitudo ya Songea, jua hupita utosini karibu tarehe 21 Oktoba na tena karibu tarehe 20 Februari. Februari kuna mawingu na mvua za kupoza. Oktoba ardhi ni kavu, majani yameisha, moshi wa mioto ya mashamba umetanda, na mvua bado wiki kadhaa. Kiwanja kinachovumilika Oktoba kitavumilika mwaka mzima. Anayekionyesha kiwanja chake mwezi Mei anakionyesha kikiwa kimevaa nguo za sikukuu.

Ukishajua, jenga kwa kufuata ulichojua. Nyumba ndefu iwekwe ikienda mashariki na magharibi, kuta fupi zikikabili macheo na machweo, madirisha yakae kaskazini na kusini. Jua la saa kumi na moja jioni huja kwa ubapa na hakuna paa linaloweza kulizuia lisiingie dirisha la magharibi. Ukuta usio na dirisha, au mti wenye kivuli, ndio dawa. Upande wa kaskazini hesabu ni rahisi. Mwezi Juni jua la saa sita mchana limeegemea kaskazini kwa digrii kama 34 kutoka utosini. Ikiwa kutoka ukingo wa paa hadi chini ya dirisha ni mita 1.5, paa likitokeza mita 1 nje ya ukuta, dirisha lote linakuwa kivulini saa hiyo. Mbamba Bay fanya hivyo. Songea punguza, maana jua hilo la Juni utalitaka liingie sebuleni.

Kuta pia si za kuiga tu. Tofali nene za kuchoma zinameza joto mchana na kulitoa usiku. Songea hiyo ni neema ya Julai. Kwenye mwambao, ambako usiku wenyewe hauna baridi ya kutosha kuzipoza, kuta hizo zitakuhangaisha kitandani, kwa hiyo kama ni lazima uzitumie, zikinge jua kwa baraza kuzunguka nyumba. Dari si anasa bondeni. Bati tupu saa nane mchana linamwaga joto kichwani mwa kila aliye chini yake. Weka dari, acha matundu ya hewa juu ya dari pande mbili zinazotazamana, na ukipaka rangi paa chagua nyeupe au ya kijivu hafifu. Bati la maruni ni zuri barabarani, lakini anayelala chini yake analipia rangi hiyo.

Kwa mkulima, swali kubwa ni mbegu. Mmea wa mahindi hukua kwa joto zaidi kuliko kwa siku, na chini ya nyuzi 10 hivi karibu unasimama. Wastani ukiwa nyuzi 21, kila siku inaupa nyuzi 11 za kukulia. Wastani ukiwa 25, inaupa 15. Mahindi yanayokomaa kwa siku 150 kwenye shamba la kwanza yatakaribia siku 110 kwenye la pili. Mbegu za nyanda za juu kama UH 6303 au H 614, zilizozoeleka Songea na Njombe, zimechaguliwa kwa msimu mrefu wenye ubaridi. Ukizishusha ziwani usitegemee zitazaa kama nyumbani. Watu wa mwambao hawakushika mihogo na mpunga kwa bahati mbaya. Kahawa nayo usiihamishe kwa mapenzi. Arabika hupenda kuanzia mita 1,000 hivi kwenda juu.

Kabla ya kununua ekari kumi, kodi robo ekari kwa msimu mmoja. Panda mistari michache ya mbegu unayoijua na mistari michache ya ile wanayopanda majirani, siku moja, mbolea moja. Andika tarehe ya kuota, ya kutoa mbelewele na ya kukauka. Kipimajoto kikae hapohapo shambani, kivulini, na umlipe kijana wa jirani anayejua kusoma namba akuandikie kila alfajiri na kila saa tisa alasiri hadi siku ya kuvuna.